UZI: Tumaini linaweza kufika kabla ya jibu. Tuzungumze maombi ya kimya na kulitafakari Neno

#1 Kengele ya Usharika (mtoa mada)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Na wenzangu wa upande wa pili, Tumsifu Yesu Kristo.

Nafungua uzi huu kwa sababu ya swali ninalokutana nalo kila tunapozunguka nyumba kwa nyumba na wazee wenzangu wa kanisa huku kwetu Kilimanjaro. Halisemwi kwenye ibada. Linasemwa mlangoni tunapoaga, kwa sauti ya chini: "Mzee, nimeomba mpaka maneno yameisha. Sasa nifanyeje?" Anayeuliza anaweza kuwa kijana aliyemaliza chuo na hajapata kazi, au mama ambaye mume alikwenda machimboni Mirerani na simu haipatikani, au babu anayesubiri majibu ya kipimo cha tezi dume.

Wengi wetu tuna jibu la haraka. Ongeza kufunga. Njoo kwenye kesha la Ijumaa. Tafuta mtumishi akuwekee mikono. Sipingi hata moja kati ya hayo, nami makesha nahudhuria. Lakini kuna wakati mtu hana tena nguvu ya kupaza sauti. Kama tulimfundisha kwamba sauti ndiyo imani, siku sauti inapomkauka ataona imani nayo imemwisha. Hapo wengine hukata tamaa kabisa, na wengine huangukia mikononi mwa wale wanaowauzia maskini maji na mafuta ya upako. Hili linaniuma sana, kwa sababu tungeweza kulizuia kwa kuwafundisha watu kitu ambacho Biblia imejaa tele: kukaa kimya mbele za Mungu na Neno lake.

Hoja yangu ni kwamba tumaini mara nyingi hufika kabla ya jibu. Twendeni kwenye Maandiko.

1 Samweli sura ya 1. Hana hana mtoto. Mke mwenzake Penina anamchokoza mwaka baada ya mwaka, hasa wakati wa kwenda Shilo kuabudu, maana yake ni kwamba hata safari ya kanisani ilikuwa kidonda. Mumewe Elkana anampenda, ila faraja yake ni ile ya wanaume wengi: kwani mimi sikutoshi kuliko watoto kumi? Hana hali, analia. Anaingia hekaluni na kuomba moyoni. Midomo inatikisika, sauti haisikiki. Kuhani Eli, mtu wa madhabahuni miaka yote hiyo, anamwangalia na kudhani amelewa. Yaani hata wakati ule maombi ya kimya yalikuwa kitu kigeni kiasi kwamba mtaalamu wa ibada hakuyatambua! Hana anamjibu kwa heshima kwamba hakunywa divai, ameimimina roho yake mbele za Bwana. Eli anambariki na kumruhusu aende kwa amani.

Sasa soma mstari wa 18 polepole. Hana akaenda zake, akala chakula, wala uso wake haukukunjamana tena. Wapendwa, hapo bado hana mimba. Hawajarudi hata nyumbani Rama. Penina yuko pale pale. Hakuna kilichobadilika nje isipokuwa mwanamke mmoja aliyekaa mbele za Bwana mpaka akamwaga kila kitu, kisha akasikia neno moja la amani. Samweli anakuja baadaye. Hamu ya kula ilirudi kwanza.

Nakaa sana hapa kwa sababu mahubiri yetu mengi juu ya Hana hurukia kwa Samweli. Tunapiga makofi ya mtoto. Mama aliyeko kwenye benchi la nyuma, ambaye Samweli wake hajaja na huenda asije, tunamwacha bila kitu, wakati mstari wa 18 ni wake.

Wa pili ni Eliya, 1 Wafalme 19. Ametoka kushinda Karmeli, moto umeshuka mbele ya watu wote, halafu kwa tishio la Yezebeli anakimbilia jangwani, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Nabii! Angalieni Mungu anavyomtibu. Hamkemei. Anamwacha alale. Malaika anamgusa: inuka, ule. Kuna mkate umeokwa juu ya makaa na maji kichwani pake. Anakula, analala tena, anaguswa tena: inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako. Ndipo anatembea siku 40 hadi Horebu. Kule ukapita upepo wa kupasua miamba, tetemeko, moto, na Bwana hakuwamo. Kisha sauti ndogo, ya utulivu. Na ile sauti haikuja na maelezo ya kwa nini Yezebeli yupo bado. Ilikuja na swali, unafanya nini hapa, Eliya, kisha na kazi: nenda ukamtie mafuta Hazaeli, Yehu na Elisha. Pia ilimpa habari aliyokuwa hajui, kwamba hayuko peke yake, wako 7,000 wasiompigia Baali goti.

Mtu aliyevunjika moyo hudhani amebaki peke yake. Habari ya wale 7,000 Eliya aliipata kwenye kimya cha Horebu. Kwenye kishindo cha Karmeli hakuipata.

Na Bwana wetu mwenyewe? Marko 1:35, alfajiri na mapema sana akatoka kwenda mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko. Luka 5:15-16 ndiyo inayonigusa zaidi: makutano mengi yalikuwa yanakuja kumsikiliza na kuponywa, lakini yeye alikuwa akijitenga na kwenda kuomba. Wagonjwa wapo mlangoni, naye anaondoka kwenda kukaa na Baba. Watumishi tuliojaza ratiba mpaka saa sita usiku tuutafakari huo mstari.

Sisi Walutheri tuna mfano wa karibu zaidi kiwakati. Mchungaji Mjerumani Dietrich Bonhoeffer aliongoza chuo cha wachungaji pale Finkenwalde kuanzia 1935, Hitler akiwa tayari madarakani na kanisa likiwa limegawanyika. Pamoja na masomo, kila siku aliwawekea wanafunzi wake nusu saa ya kimya na kifungu kifupi cha Biblia, kifungu kile kile wiki nzima. Bila kuandaa mahubiri, bila kamusi ya Kigiriki. Kukaa tu na Neno. Baadhi yao walilalamika, hawakujua wafanye nini na nusu saa ya kimya. Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, wakakifunga chuo 1937. Bonhoeffer alikamatwa 1943 na kunyongwa Aprili 1945, na barua alizoandika gerezani zinaonyesha mtu aliyekuwa bado anaishi na Zaburi. Kile kimya cha nusu saa kilikuwa kimemwandaa.

Nawakaribisha. Nani kati yenu amepitia kipindi cha kukauka, na kimya kilimsaidia au kilimwongezea giza? Hata anayepinga aje, tujengane.

---

#2 Msomaji Tu

Amina mzee. Ule mstari wa 18 nimeusoma mara ngapi na sikuwahi kuona kwamba mimba ilikuwa bado. Naweka kambi hapa.

---

#3 Moto wa Pentekoste

Shalom mtoa mada. Nakuheshimu na uzi wako ni mzuri, ila nina mashaka na mwelekeo wake.

Bartimayo alipopaza sauti pale Yeriko, watu walimkemea anyamaze. Yeye akazidi sana kupaza sauti, na Yesu akasimama. Angekaa kimya angebaki kipofu kando ya njia. Isaya 62 inawaambia wanaomkumbusha Bwana wasiwe na kimya, wala wasimwache yeye akae kimya. Ufalme wa mbinguni hupatikana kwa nguvu, nao wenye nguvu wauteka. Mimi mwenyewe nilitolewa kwenye pombe na maombi ya usiku kucha ya akina mama waliokuwa wanalia kwa sauti mpaka majirani wanagonga ukuta. Wale mama wangeamua kutafakari, leo ningekuwa kaburini.

Hofu yangu ni kwamba "kimya" kitakuwa kisingizio cha wavivu wa maombi. Mtu anakaa dakika kumi, anasinzia, anasema ametafakari.

---

#4 Kengele ya Usharika (mtoa mada)

Mtumishi, nashukuru, na Mungu awabariki wale akina mama. Ushuhuda huo siugusi hata kidogo. Bwana Yesu mwenyewe katika Waebrania 5:7 alitoa dua pamoja na kulia sana na machozi. Kulia kwa sauti ni maombi, na kuna vita ambayo haipiganwi vinginevyo.

Ila tazama, Bartimayo alipaza sauti mpaka Yesu akasimama na kuuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Hapo ilimbidi asikie swali ndipo ajibu. Ninachokiona kwenye makesha yetu mengi ni kwamba Yesu akisimama na kuuliza, hatumsikii, maana spika iko juu na anayeongoza hajatupa hata dakika moja ya kunyamaza. Tunaenda nyumbani alfajiri tumesema yote na hatujasikia lolote.

Na kuhusu uvivu, kumbuka historia ya uamsho wa Afrika Mashariki, ambao ni mama wa makanisa yetu mengi, yako na yangu. Mwaka 1929 daktari mmisionari Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda, akiwa amechoka roho na mwili, alikwenda Kampala. Kule Namirembe akakutana na Mganda Simeoni Nsibambi. Watu wawili, Biblia na siku mbili za kusoma na kuomba pamoja. Haukuwa mkutano mkubwa, hakukuwa na jukwaa. Kutoka hapo moto ukaenda Gahini, Kigezi, Bukoba, Kenya, na wimbo wa Tukutendereza tunaimba mpaka leo bila hata kujua Kiganda. Moto ule uliwashwa na watu waliokaa chini na Neno. Mimi ninaloogopa ni moto wa kesha usio na kukaa chini, kwa sababu Jumatatu huwa umezimika.

---

#5 Mama wa Mmoja

Naomba niseme ingawa sijazoea kuandika.

Mwanangu ana selimundu. Maumivu yakimpanda usiku tunalazwa, nakaa kwenye kiti pembeni ya kitanda namshika mguu maana ndio unamuuma. Pale wodini siwezi kupaza sauti, kuna watoto wengine. Na hata ningeweza, sijui niseme nini. Niseme "mponye" nimeshasema toka akiwa na miezi saba. Dada mmoja wa maombi aliniambia ni kwa sababu sina imani ya kutosha, nikarudi nyumbani nikiwa nimekufa ganzi.

Siku hizi nikiwa pale nashika tu mguu wake na kusema ndani kwa ndani "Bwana, Bwana, Bwana", basi. Hayo nayo ni maombi jamani?

---

#6 Kengele ya Usharika (mtoa mada)

Mama, hayo ni maombi. Tena Warumi 8:26 imeandikwa kwa ajili ya kiti hicho unachokalia: hatujui kuomba jinsi itupasavyo, lakini Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Paulo hakusema "ninyi msiojua", alisema "hatujui", akajihesabu na yeye.

Aliyekuambia huna imani alikukosea, na ningependa angejua uzito wa alichosema. Mtu anayemwita Bwana usiku wa manane akiwa ameshika mguu wa mwanawe, huyo asipokuwa na imani sijui nani anayo.

Pole sana mama. Ukiwa na nguvu, soma Zaburi ya 88. Karibu kila zaburi ya maombolezo hugeuka mwishoni ikawa sifa. Hii haigeuki. Inaanza na kilio cha mchana na usiku, inaishia gizani. Nao Wayahudi na Wakristo wakaiacha kwenye kitabu cha sala, hawakuifuta. Kwa hiyo hata siku ambayo huna "amina" ya furaha, bado upo ndani ya Biblia.

---

#7 Mwana Songea

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, nimelelewa karibu na Peramiho, kwa hiyo mada hii niliinyonya nikiwa mdogo.

Watawa Wabenediktini walifika Peramiho 1898. Watu wanaisifia hospitali, kiwanda cha uchapaji, shule na karakana, na wana haki. Lakini mwenye kukaa pale siku mbili tatu ataona kwamba vyote hivyo vinazunguka kengele. Asubuhi kabla ya jua, Masifu. Mchana wanasimamisha kazi wanasali. Jioni, Masifu ya jioni. Usiku sala ya mwisho, kisha kimya mpaka kesho. Seremala anaweka randa chini, anaenda kwenye zaburi, anarudi kwenye randa. Monasteri ya Hanga nayo hivyo hivyo, na kule ni watawa Waafrika tupu. Nilipofiwa na baba nilikwenda mafungo, mtawa mmoja mzee hakunihubiria chochote. Alinipa Biblia na chumba, akaniambia tuonane jioni.

Utaratibu wao wa kusoma unaitwa Lectio Divina. Mmonaki mmoja wa karne ya 12, Guigo wa Pili, aliuandika kama ngazi yenye vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kuomba, kisha kutulia tu mbele ya Mungu. Mtu hasomi sura tatu. Anasoma mistari michache, tena na tena, mpaka neno moja limshike. Akishikwa, anasimama hapo hapo. Kutoka neno hilo anaongea na Mungu. Halafu ananyamaza. Kipandio cha nne si kazi yetu, ni zawadi, siku nyingine inakuja na siku nyingine haiji, na mtu asijilaumu isipokuja.

Mama wa Mmoja, Mama Teresa wa Kalkuta alifariki 1997, na barua zake zilipochapishwa 2007 dunia ilishtuka. Kwa karibu miaka 50 alikuwa akisali bila kuhisi uwepo wa Mungu ndani yake. Aliendelea kuamka alfajiri na kusali, akaendelea kuwaosha wagonjwa. Nakuambia hivi ili usifikiri kukauka ni dalili ya kuachwa.

Na kwa yeyote aliye katika giza sasa hivi, kuna shauri la Mtakatifu Inyasi wa Loyola ambalo limeniokoa: wakati wa ukiwa wa roho, usibadili uamuzi uliofanya ukiwa na nuru. Usiache ndoa, usiache wito, usiache kanisa ukiwa ndani ya shimo. Ngoja kwanza utoke.

---

#8 Mkristo Halisi 316

Samahani wote, ila mbona hii inanuka meditesheni ya Kihindi? Kukaa kimya, kurudia neno, kuvuta pumzi. Tuwe macho, shetani anakuja kama malaika wa nuru. Mambo ya kigeni haya tumeletewa.

---

#9 Kengele ya Usharika (mtoa mada)

Ndugu yangu, uangalifu wako ni mzuri na sitaki kuupuuza. Tofauti ipo hapa: hatukai kimya ili kuondoa kila wazo kichwani. Tunakaa kimya kwa sababu Mtu anasema nasi kwa Neno lake. Zaburi 1 inamsifu mtu anayeitafakari sheria ya Bwana mchana na usiku. Yoshua 1:8 ni amri ya Mungu kwa kiongozi anayekwenda vitani. Maria aliyaweka maneno yote moyoni mwake akiyafikiri. Ukiondoa Neno na ukamwondoa Kristo, hapo nami nakimbia pamoja nawe.

Lakini suala la ugeni nalikataa kabisa, kwa sababu kimya cha Kikristo kilikomaa hapa hapa barani Afrika. Antoni wa Misri, aliyefariki 356, alilisikia Neno likisomwa kanisani, "ukauze ulivyo navyo", akaenda jangwani. Na Abba Musa, Mwethiopia aliyekuwa mnyang'anyi kabla ya kuokoka, alikuwa mmoja wa wazee wakuu wa jangwa la Sketi huko Misri. Ndugu mmoja alipomwendea kutaka neno, akamjibu akae katika chumba chake, nacho chumba kitamfundisha kila kitu. Wazungu waliyapokea haya kutoka Misri, wakayapeleka Ulaya, halafu miaka mia kadhaa baadaye yakaturudia na majina ya Kilatini.

Tena Antoni ana habari inayotuhusu moja kwa moja. Siku moja alikuwa amekaa jangwani amechoka roho, mawazo yamemsonga, akamwuliza Mungu afanye nini. Alipotoka nje akaona mtu anayefanana naye: ameketi anafanya kazi, anasimama kusali, anaketi tena kusuka kamba, anasimama kusali. Alikuwa malaika. Akaambiwa, fanya hivi nawe utaokoka. Hakupewa maono makubwa. Alipewa ratiba. Kamba na sala, sala na kamba. Kwa mtu aliyezama kwenye huzuni, hilo ni jambo kubwa kuliko unabii wa mwaka mzima, kwa sababu linamwambia afanye nini saa inayofuata.

---

#10 Lindo la Usiku

Wakuu, mimi ni mlinzi kwenye ghala huku Dar, zamu yangu ni usiku. Naomba nichangie kidogo.

Zaburi 130 inasema nafsi yangu inamngoja Bwana kuliko walinzi waingojavyo asubuhi. Mwandishi aliutaja ulinzi mara mbili, nadhani alikuwa anaijua kazi hii. Saa tisa usiku ndiyo mbaya. Mwili unataka kulala, baridi ya bahari inapanda, mawazo ya madeni yanakuja yote kwa mpigo. Lakini hakuna mlinzi anayejiuliza kama asubuhi itakuja. Hatuna shaka na hilo. Shida yetu ni kubaki macho mpaka ije. Tangu nilipoanza kuusoma huo mstari nikiwa lindoni, kungoja kwangu kumebadilika. Nilikuwa nangoja kama mtu aliyesahauliwa.

Sina kazi nyingine bado, na ada ya mtoto wa kidato cha pili sijaimaliza. Ila nasali pale langoni, na siogopi kama zamani.

---

#11 Msomaji Tu

Mlinzi, umenifungulia zaburi nzima. Barikiwa sana kaka.

---

#12 Nesi Mstaafu

Nimefanya kazi wodini miaka mingi, naomba niongeze jambo moja ambalo makanisani tunalikwepa.

Kuna huzuni inayotulizwa na sala na kuna ugonjwa unaoitwa sonona. Vinafanana. Mtu akikosa usingizi au akalala kupita kiasi, akapoteza hamu ya chakula, ya kazi, ya watu aliowapenda, na hali hiyo ikaendelea wiki mbili na zaidi, apelekwe hospitali. Akianza kusema afadhali nife, msimwache peke yake hata usiku mmoja, na msimwambie akakae kimya chumbani atafakari. Kwa mtu wa namna hiyo kimya kinaweza kumzamisha. Kaa naye. Omba naye kwa sauti ya upole, mshike mkono, mpeleke kwa daktari.

Mtoa mada ameeleza vizuri habari ya Eliya. Alilala, akala, akaguswa, kisha ndipo akapanda mlimani. Mungu alifuata utaratibu. Tusianze na mlima.

---

#13 Kengele ya Usharika (mtoa mada)

Mama Nesi, asante. Hili lisomwe na kila mchungaji na kila mwinjilisti. Naunga mkono kila neno.

---

#14 Mpangaji wa Chumba Kimoja

Mzee mimi swali langu ni la vitendo. Yesu anasema ingia chumbani mwako, funga mlango. Sisi tuko watano chumba kimoja Mbagala. Jirani anawasha redio saa kumi na moja. Nifunge mlango upi?

---

#15 Kengele ya Usharika (mtoa mada)

Swali zuri sana kijana, na wengi wanalo.

Kwanza nisemee viongozi wenzangu. Makanisa yetu mengi ya Kilutheri na ya kipentekoste yanafungwa kufuli Jumatatu hadi Ijumaa mchana, wakati waumini wetu hawana mahali pa utulivu. Wakatoliki wanatushinda hapa, parokia nyingi unaingia mchana unakaa. Naomba kila mzee wa kanisa anayesoma alipeleke hili kwenye kikao: tufungue hata saa moja ya mchana, mlinzi yupo, gharama hakuna. Usisubiri kikao lakini. Nenda kamwombe mhudumu wa usharika wako, mwambie unataka kukaa na Biblia nusu saa ukitoka kazini. Sidhani atakunyima.

Pili, kimya hakihitaji ukuta sikuzote. Hana alikuwa hekaluni watu wakipita. Mama wa Mmoja yuko wodini. Unaweza kukaa kwenye daladala karibu na dirisha na mstari mmoja moyoni, simu ikiwa mfukoni. Tatizo letu kubwa hata si redio ya jirani, ni simu, ambayo tunaishika kabla hatujasema hata "Asante Bwana". Ukiamka, mpe Mungu kwanza zile dakika unazozitoa kwenye simu.

Nawe utakuta mawazo yanatangatanga. Ada, kodi ya nyumba, bosi. Bonhoeffer aliwapa wanafunzi wake shauri zuri juu ya hili: usipigane na wazo linalokuja. Likija jina la mtu, mwombee huyo mtu. Likija deni, liweke mbele za Bwana, kisha rudi polepole kwenye mstari wako. Kwa njia hiyo hata kutangatanga kunageuka kuwa maombi.

Ukisinzia, umesinzia. Petro alisinzia Gethsemane na Bwana hakumfukuza.

---

#16 Moto wa Pentekoste

Mtoa mada, nimefuatilia tangu juzi. Nimemsoma yule mama wa wodini na mlinzi wa ghala, na sina la kubishana na watu hao. Nimeongea na kiongozi wetu wa maombi. Kesha la Ijumaa hii, baada ya kila kipindi cha maombi tutanyamaza dakika tano na kusoma mstari mmoja. Kelele bado zitakuwepo, nisikudanganye.

Mtuwekee mstari wa kuanzia.

---

#17 Kengele ya Usharika (mtoa mada)

Haleluya! Pigeni kelele zenu mtumishi, na hizo dakika tano Bwana azipokee.

Napendekeza sote tuanze na ile ya mlinzi wetu, Zaburi 130, ni mistari 8 tu. Wiki nzima hiyo hiyo, tusihamie nyingine hata ikianza kuchosha. Isomeni mara tatu kwa sauti ya chini, kisha kaeni kimya kwa muda mnaouweza. Mwenye zaburi hiyo kwa lugha ya nyumbani kwao aisome kwa lugha hiyo, itamfikia mahali pengine. Jumapili jioni nitarudi hapa. Aliyepata neno aliandike. Aliyekaa wiki nzima bila kusikia lolote aandike pia, tena huyo ndiye ninayetaka kumsoma zaidi.

Mama wa Mmoja, kliniki yenu ni lini? Andika hapa au nitumie ujumbe wa faragha, kuna akina mama wawili wa usharika wetu wenye watoto wa selimundu ambao wangependa kuongea nawe.

---

#18 Mama wa Mmoja

Kliniki ni Alhamisi mzee. Nimekutumia ujumbe. Nawashukuru wote.